Sikio la Kushoto Halizibi

Melini, Singapore
11 Februari 2017

Dada Salving,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako anayezeeka kwa kasi kukuzidi. Mimi mzima, wanabendi wazima, meli inaelea. Mshike Baba mkono, uuguse kwenye paji la uso wako, umwambie heshima hiyo ni ya kwangu. Jogoo wake mwekundu amepona jicho? Asimpeleke tena kupigana kabla ya Pasaka.

Barua hii anakuletea Elmo, yule wa dobi, kijana wa Tigbauan. Mkataba wake umeisha, anakwenda kupumzika kwao mpaka Mei. Nimempa na kahawa, sabuni na chokoleti. Chokoleti ni za wanakwaya wako, usizifungie kabatini mpaka ziote ukungu kama zile za mwaka juzi.

Nilipiga simu Krismasi, nikapiga Mwaka Mpya, nikapiga siku yako ya kuzaliwa. Kila mara anapokea Baba, ananisimulia kuku mpaka salio linakata. Wewe uko wapi? Unafua nguo siku zote hizo? Haya, kama ni barua unazozitaka, barua ndizo hizi.

Sasa kuna kajambo. Mwaka huu kampuni imeondoa jukwaani spika zote za sakafuni. Kila mwanamuziki anavaa visikilizio vinavyoingia ndani kabisa ya sikio, na bendi nzima unaisikia humo, pamoja na sauti yako mwenyewe. Walinipeleka kwa watengenezaji hapa Singapore. Binti mmoja akanijaza masikioni kitu laini kama unga uliokandwa, kikaganda, akakitoa, na kwa kalibu hiyo wakanichongea viwili vya peke yangu, vyekundu, vinang'aa kama pipi.

Cha kulia kimekaa. Nikikivaa tu, dunia ya nje inakatika. Cha kushoto kinanitania. Nikinyamaza, kimetulia. Nikiimba chini chini, kimetulia. Nikipanda juu, pale hasa watu wanapojiandaa kupiga makofi, hewa inapenya, besi inatoweka, ngoma zinalia kama mtu anagonga sahani, na sauti yangu siipati tena. Basi naongeza sauti kidogo kwenye kidude cha visikilizio ninachokivaa kiunoni, nasonga mbele. Si kitu. Nimekusimulia kwa sababu wewe uliimba hotelini kule Sabah, Malaysia, enzi zako, najua utacheka ukisikia siku hizi tunaimba na vizibo masikioni.

Mkataba wangu unaisha Agosti. Kabla ya kusaini mwingine kuna vipimo vya Manila: moyo, macho, masikio, kila kitu. Niombee.

Mdogo wako,
Rodelio

*

Miagao, Iloilo
12 Machi 2017

Toto,

Mimi nitakuita Toto hata ukifika miaka sabini, kwa hiyo kukua kwako usinitangazie. Baba mzima, anakohoa asubuhi tu. Jogoo amepona jicho na amezidisha kiburi, anawika hata mchana, na mama wa nyumba ya pili amekuja mara mbili kulalamika kwamba halali. Mimi hanisumbui hata kidogo. Chokoleti nimewagawia. Merlyn, yule wa sauti ya kwanza, amekula za watu watatu.

Mambo ya simu tuyaache. Simu inakula maneno. Barua naisoma mara tano.

Sasa hilo sikio lako. Umeliita kajambo ukaliandikia nusu ya barua. Nisikilize. Usikisukume kitu hicho kama mtu anayefunga chupa ya siki. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio, uvute juu na nyuma ili tundu linyooke. Fumbua mdomo. Ingiza taratibu huku unazungusha kuelekea mbele, halafu ndipo uachie sikio. Kama kimekauka, kilambishe maji kidogo, si mafuta. Kikikaa, sauti yako utaisikia kichwani kama mtu aliyejifunika ndoo. Usipoisikia hivyo, hakijakaa, toa uanze upya. Na usafishe nta, maana najua hilo hulikumbuki.

Jingine, na hili ndilo kubwa. Huyo binti alipochukua kalibu, ulikuwa umefumbua mdomo au umeufunga? Weka kidole sikioni sasa hivi, ufumbue na kufumba. Umeona? Taya likienda, tundu linabadilika umbo. Kalibu ya mwimbaji inachukuliwa mdomo ukiwa wazi. Nijibu hilo kwanza.

Na hiyo "kidogo" unayoongeza kiunoni, ni kidogo kiasi gani?

Dada yako,
Salvacion

*

Melini, Phuket
20 Aprili 2017

Dada Salving,

Pasaka njema, japo imepita. Hapa tuliifanya mara mbili, ya asubuhi kwa wafanyakazi na ya jioni kwa abiria, na zote mbili mimi ndiye niliyeimba. Habari za mlipuko wako wa Ijumaa Kuu zimenifikia mpaka baharini: binamu wa mpishi wetu anasali hapo Miagao, anasema ulisimamisha kwaya katikati ya wimbo ukawatazama mpaka wakatamani ardhi ipasuke. Hongera. Hujabadilika.

Nimefanya yote uliyosema. Nimevuta sikio juu, nyuma, pembeni, nimezungusha, nimelambisha maji. Nimetoa kile cha kuchongwa nikajaribu vya kawaida vya dukani, vyenye vikofia vya mpira, kidogo, cha kati na kikubwa. Kidogo kinaanguka, kikubwa kinauma, cha kati kinateleza nikitoa jasho, na mimi jukwaani ni bomba la jasho. Nikajaribu vya sponji, unakifinya kinakuwa chembamba, unakiingiza, kinajaa chenyewe. Hicho kilinipa raha kwa nyimbo mbili, kisha kikanywa jasho kikalegea. Wilmar wa kinanda akanibandikia plasta ya hospitali nje ya sikio. Nilionekana kama bondia aliyeshindwa. Sasa nimerudi kwenye chekundu changu na ninakishikilia kwa kidole nikifika juu. Abiria wanadhani ni madoido.

Kuhusu binti wa kalibu, yule ni mtaalamu, tusimseme vibaya. Na sauti ya kiunoni ni ya kawaida tu, kila mtu anaongeza.

Jambo moja lilinichekesha. Tulipewa siku nzima ya mapumziko Penang. Nikaingia kanisa moja la zamani kupata ubaridi, hakuna mtu, kimya kabisa. Nimekaa, nikasikia injini ya meli. Niiiii, upande wa kushoto, bila kukoma. Nikajisemea, kweli mimi nimekuwa baharia, injini nimeibeba mpaka nchi kavu!

Lakini wewe nikuulize. Haya ya taya na tundu kubadilika umbo umeyajulia wapi? Sabah yenu hakukuwa na vitu hivi.

Mdogo wako,
Rodelio

*

Miagao
14 Mei 2017

Toto,

Baba anakusalimu. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale. Nimekupikia pinasugbo, zile ndizi za kukaanga na sukari, nimeifunga mara mbili, anakuletea Elmo akirudi kazini. Usimpe Wilmar yote.

Salamu zimekwisha. Sasa tuongee.

Injini ya meli haiingii kanisani. Umenielewa? Haishuki ngazi, haivuki barabara, haikai na wewe kwenye benchi ikalia niiiii upande mmoja. Hilo ni sikio lako linalalamika, na wewe unaniandikia kwamba limekuchekesha. Mimi halikunichekesha. Nimeisoma sehemu hiyo nikakosa hamu ya kula, Baba akauliza kama nina homa.

Unajua kwa nini unaongeza? Kwa sababu hakikuziba. Kikiziba kelele za nje zinabaki nje, besi inabaki ndani, unaimba raha mustarehe kwa sauti ndogo. Kisipoziba unamimina tu, unamimina, kama mtu anayejaza pipa lililotoboka, na yote hayo yanapita kwenye kitu kilichoko ndani ya kichwa chako. Umefanya hivyo tangu Februari, kila jioni. Halafu "kila mtu anaongeza".

Nilikuuliza swali moja hukulijibu. Umenipa habari za sponji na plasta, umenipa bondia, umenipiga chenga. Basi nitakujibia mimi. Meno yako manne ya juu yalibaki kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa Baybay ulipokuwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo unacheka umefunika mdomo. Ulikataa kumfumbulia binti yule mdomo kwa sababu uliona aibu na meno ya bandia. Nimekosea?

Usinidanganye, Toto. Nilikulea mimi. Nilikuogesha hayo hayo masikio.

Rudi ukachukuliwe kalibu upya. Rudi kabla ya vipimo vya Agosti, kabla hakijaisha cha kupima.

Dada yako,
Salvacion

*

Melini
2 Juni 2017

Dada,

Nisalimie Baba.

Nimechoka kusemwa kama mtoto. Nina miaka arobaini na moja. Kazi yangu naijua. Mwimbaji akienda kwa kiongozi wa bendi kusema sikii vizuri, siku hiyo hiyo wanapigia simu wakala Manila, na Manila kuna vijana mia wamesimama mlangoni na meno yao yote. Nitaongea nini? Agosti nitapita, kama wanavyopita wengine. Kipimo ni kubonyeza kitufe ukisikia mlio, na mlio ninao bure.

Na wewe, Dada, kabla ya kuniuliza maswali. Elmo amefika. Anasema alisimama getini kwako mchana kweupe, akagonga, akaita, akapiga tena geti kwa jiwe, na wewe alikuwa anakuona dirishani unakunja nguo umempa mgongo. Hukugeuka. Mpaka Baba alipotoka kwenye mabanda ya kuku. Anasema ulipoinama kumpa kile kifurushi, nywele zilisogea, akaona kitu nyuma ya sikio, rangi ya ngozi, kina kijiwaya. "Rodel," ameniambia, "Manang wako, dada yako wa damu, ana kifaa cha kusikia, hukujua?"

Nilimwambia najua. Nilijiona mjinga.

Simu inakula maneno, eti.

Rodelio

*

Miagao
25 Juni 2017

Toto wangu,

Baba yuko salama. Mimi niko salama.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikasirika na Elmo, halafu nikakasirika na wewe, halafu nikaosha vyombo vyote vya jikoni hata visivyokuwa vichafu. Wiki mbili nimeshindwa kuandika. Sasa naandika na unisome mpaka mwisho.

Ndiyo, ni kifaa cha kusikia. Kiko sikio la kulia, nalo linanipa nusu ya maneno, watu wakiongea wamenitazama. La kushoto halina kitu. Limekufa.

Ilikuwa Sabah. Jukwaa la hoteli lilikuwa dogo, spika kubwa ilikuwa upande wa kushoto, na mimi nilipenda kusimama pale pale mbele yake kwa sababu taa ilinikaa vizuri. Nilikuwa na gauni la bluu, kila mtu alinisifu. Nikisema sijisikii, wanaongeza. Nikisema bado, wanaongeza tena. Mlio ulipoanza nilisema ni kiyoyozi cha chumba changu. Niliomba wanibadilishie chumba, Toto. Nikabadilishiwa, na kiyoyozi kikanifuata. Nilipokuja likizo nyumbani, hapa ambapo hatuna hata feni, kikanifuata.

Ninyi mliambiwa nimeacha muziki nije kumuuguza Mama. Mama alikuwa mzima wakati ule. Alikuwa anauza samaki sokoni na kugombana na wateja. Aliukubali uongo wangu kwa sababu aliniona nimekaa jikoni, ananiita, nami siitiki. Hakuwahi kumwambia mtu, na alipokuja kuugua kweli, kila mtu akaona hadithi imekamilika.

Habari za taya nimezijua hivi. Kifaa hiki nacho kina kalibu yake ya sikioni, na kisipoziba kinapiga mluzi. Nikitafuna, mluzi. Nikipiga miayo, mluzi. Nikicheka sana, mluzi, watu wanageuka kutafuta ndege. Ndiyo maana kwenye sherehe nakaa nimenuna, na mtaa mzima unasema nina maringo. Nimerudi kwa mtengenezaji mara nyingi mpaka nikajua zaidi ya nilivyotaka kujua.

Kwaya hawajui. Naongoza kwa macho. Naangalia midomo, naangalia mabega, najua nani amevuta pumzi mapema. Siku ile ya Ijumaa Kuu niliwasimamisha kwa sababu nilipotea kabisa, sikujua wako ubeti gani. Ule ukali ulikuwa hofu.

Sasa sikiliza wewe unayeweza. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia, na wewe unaye. Lililokwisha kwenda halirudi, lakini lililobaki ni lako. Nenda kwa binti yule ukafumbue mdomo. Nenda kwa daktari wa meli mwenyewe, usisubiri Manila ikukamate. Wakikutoa kwenye bendi, wakutoe. Afadhali urudi hapa bila kazi tukigombana kwa sauti kuliko uje tukae mezani wawili tunatazamana midomo. Hilo silitaki. Nitaumia nisiweze kupona.

Nakuomba. Mimi sijazoea kuomba, unalijua hilo.

Salving

*

Melini, Singapore
30 Julai 2017

Dada Salving,

Mshike Baba mkono, uguse paji la uso, na safari hii na wako naushika, ingawa ni kwa maandishi.

Barua yako ilinikuta Singapore, mikononi mwa wakala wa meli. Nilikwenda kuisomea nyuma ya mapipa ya dobi ili Elmo asinione. Alinikuta huko huko, akaniachia taulo safi, akaondoka. Namshukuru, japo ni mbea.

Ulipatia nusu. Si kwamba nilikataa tu kufumbua. Yule binti alinipa kipande cha sponji ngumu niking'ate, mdomo ubaki wazi kalibu ikiganda. Nikaogopa meno yatabaki kwenye sponji, kama yalivyobaki kwenye hindi la kuchoma harusi ya Nonoy, mbele ya watu. Basi nikamwambia, "Mimi sihitaji hiyo. Mimi siimbi, mimi mpiga gitaa la besi." Akasema vizuri, kwa mpiga besi mdomo unaweza kufungwa. Na ili niwe na uhakika nikaingia msalani, nikayatoa kabisa, nikayaweka mfukoni. Kalibu ilichukuliwa mdomo umefungwa, taya limelegea, mapengo manne ndani. Yaani nimevaa miezi mitano masikio ya mpiga besi kibogoyo.

Nimerudi kwake wiki iliyopita. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

"Mjomba, karibu. Besi inaendeleaje?"

"Mimi si mpiga besi."

"Mbona uliniambia mpiga besi?"

"Ni mwimbaji."

Akanitazama. Akafungua kabati akatoa sponji ile ile. "Haya, ng'ata."

"Nikiking'ata kitu hicho yatatoka."

"Yatatoka nini?"

Dada, kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiyekuwa wewe. "Meno," nikasema.

Hakucheka. Alisema, "Baba yangu naye anayo. Anayavua tukila kaa, anayaweka kwenye sahani ya maganda, mama anapiga kelele." Kisha akasema, "Yabaki mdomoni, mjomba. Ng'ata na pembeni, kwa magego." Nikang'ata kwa magego. Halafu akanitaka niimbe kimoyomoyo noti ya juu, taya liende linapokwenda, na dawa ikaganda huko huko. Shida yote ile, jibu lilikuwa magego!

Visikilizio vipya nilivivaa mara ya kwanza Jumanne, tukijaribu mitambo. Nilivuta sikio juu na nyuma. Kiliingia, nikaachia, na meli yote ikanyamaza. Nilisikia pumzi yangu. Nilipunguza kidude cha kiunoni, nikapunguza tena, nikapunguza mpaka fundi mitambo akauliza kama nimekizima. Nikaanza wimbo, nikapanda, nikafumbua mdomo kama kiboko, na besi ipo. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Lakini wimbo haukuwa mahali pake. Ulikuwa chini. Sauti yangu ilikuwa inaburuza, na bendi nzima ilikuwa inaburuza nami kwa adabu. Nikasimama.

"Wilmar, mbona umeushusha?"

"Nimeshusha nini?"

"Usinizuge. Huu si wimbo tulioanza nao Januari."

Akajifanya anapangusa kinanda. "Tangu Machi, kaka. Ulikuwa hufiki noti za juu. Tukashusha kidogo. Ukaacha kufika tena, tukashusha tena."

"Zote?"

"Zote."

"Na hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje? Ulikuwa unashuka jukwaani unacheka."

Nimeona aibu maishani mwangu, lakini si kama hii. Miezi yote ile nilijiona simba kumbe nimebebwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa meli, kabla miguu haijabadilisha mawazo. Alinifungia kwenye chumba kidogo, akanipa kitufe. Upande wa kulia nilibonyeza kama mcheza kamari. Upande wa kushoto, Dada, nilikaa na kidole hewani nikingoja, namwona kupitia kioo mkono wake unaongeza sauti, na hakuna kinachokuja.

Sauti za juu za sikio la kushoto zimekwenda na hazirudi. Za chini na za kati zipo. La kulia ni zima. Mlio huenda ukapungua, huenda ukabaki. Alisema, "Ungeendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, ningekuwa nakuandikia kwenye karatasi." Nikamwambia kwetu tayari tunaandikiana.

Kiongozi wa bendi nilimweleza mwenyewe, na meno nikamweleza, maana nilikuwa nimeshachoka. Jukwaa la juu limechukuliwa na kijana wa Davao. Ana sauti, siwezi kumsema. Mimi nimepewa ukumbi mdogo wa chini, Wilmar kwenye kinanda, abiria wazee wanaokunywa chai, hakuna ngoma. Wakinisaini Manila, nitaendelea huko. Nimekubali. Imeniuma, nimelia kidogo, nimekubali.

Sasa zamu yako. Umesema kwaya hawajui. Mimi nimewaambia binti wa kalibu, daktari, kiongozi wa bendi, na Elmo ambaye ni sawa na kuiambia meli nzima. Wewe una watu kumi na wanne na mapadri wawili. Waambie.

Mdogo wako anayekupenda,
Rodelio

*

Miagao
3 Septemba 2017

Toto,

Baba mzima, na ulipopita hapa baada ya Manila alifurahi hata kuku wakala mara mbili. Bado anasimulia kwamba wamekusaini. Ulikaa siku chache mno. Mimi nilikuficha jambo ulipokuwa hapa, kwa hiyo naliandika sasa umeshapanda meli, huwezi kunikatiza.

Uliponiuliza mezani kama nimewaambia kwaya, nilikujibu "karibu". Sikuwa karibu. Barua yako ya Julai niliiweka chini ya godoro nisiione. Ni rahisi kumwambia mtu mwingine afumbue mdomo.

Alhamisi iliyopita, wakati wa mazoezi, niliinua mikono kuanza, nikaishusha. Nikasema, "Kabla hatujaimba. Mimi sisikii. Sikio moja halipo, la pili nusu. Mkitaka mwongozaji mwingine, nitaelewa." Nilisema nikitazama sakafu, nikakumbuka kwamba nikitazama sakafu siwezi kujua wamejibu nini. Nikainua macho.

Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanatazamana.

Merlyn akasogea mbele, mahali penye mwanga. "Manang, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tangu mwaka lilipobadilishwa paa la kanisa. Mafundi walikuwa wanapiga nyundo juu yetu, sisi tumeziba masikio, wewe unaongoza tu." Wenyewe wakaanza kucheka. "Kwa nini unadhani tunafumbua midomo hivi? Kwaya ya Guimbal wanatucheka, wanasema tunaimba kama samaki. Tunafumbua uone maneno."

Nikawauliza mbona hawakuniambia. Merlyn akasema waliogopa ningeacha.

Nililia mbele yao, Toto, na kifaa kikapiga mluzi, nikacheka, kikazidi kupiga mluzi, na safari hii sikukifunika.

Tumepatana hivi. Merlyn anasimama ubavuni mwangu badala ya safu ya mbele. Wimbo ukishuka chini ya noti yake, ananigusa mkono. Basi. Leo Jumapili tumejaribu kwenye misa ya pili. Nikaanza, midomo ikafumbuka, nikaona kila kitu kinakwenda vizuri, mabega sawa, pumzi sawa. Hatukufika kiitikio, akanigusa. Nikadhani amejikwaa. Akanigusa tena.

Miaka yote hii nilikuwa najisifu kwamba kwaya yangu haishuki. Nilitaka kumsukuma mkono. Nikawaza namna ulivyokaa kwenye kile chumba kidogo na kidole hewani, nikaona siwezi kuwa na kiburi kuliko wewe. Kanisa limejaa, padri ameinua macho, watu wamegeuka. Nikasimamisha kwaya, nikamwambia mpiga kinanda atupe tena sauti ya kuanzia, na nikamshika Merlyn mkono nisiuachie, tukaanza upya.

Dada yako,
Salving